Kuvu Ziingiazo Ubongoni

Katika miezi ya mvua ni vigumu kuipata nyumba ya Tarime isiyokuwa na kuvu. Mahindi yaliyowekwa ghalani kabla ya kukauka huota ukungu wa kijani, kuta za udongo hupata madoa meusi, magogo yaliyooza hufunikwa na uyoga, na katika vichwa vya watoto wa shule huonekana mabaka ya mapunye. Vyote hivi ni viumbe vya jamii moja. Si mimea, maana havina klorofili na haviwezi kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Wala si wanyama, maana haviwezi kumeza chakula. Kuvu huishi kwa kumwaga vimeng'enyo juu ya kitu iliyokiotea, kukiyeyusha, kisha kukifyonza.

Wataalamu hukadiria ya kuwa duniani ziko aina za kuvu zaidi ya milioni moja. Zijulikanazo kumdhuru binadamu ni mia chache tu, na nyingi katika hizo huishia kwenye ngozi, kucha na nywele. Kuvu ziwezazo kuufikia ubongo ni chache mno. Hata hivyo moja kati ya hizo huua watu wengi katika Afrika ya Mashariki kuliko wengi wanavyodhani, na mara nyingi huua baada ya mgonjwa kutibiwa maradhi asiyokuwa nayo.

Ngome ya joto

Swali la kwanza limpasalo mwanafunzi kujiuliza ni hili: ikiwa hewa tuivutayo imejaa mbegu za kuvu, kwa nini hatuugui sote? Sehemu moja ya jibu ni joto la mwili. Mwaka 2009 Vincent Robert na Arturo Casadevall walichapisha uchunguzi wa maelfu ya kuvu zilizohifadhiwa katika maabara ya Uholanzi. Waliona ya kuwa kuvu nyingi huota vizuri hadi nyuzi 30 za sentigredi. Kutoka hapo hadi nyuzi 40, kila joto lilipopanda kwa nyuzi moja, kiasi cha asilimia 6 zaidi ya kuvu hizo zilishindwa kuota. Mwili wa binadamu una nyuzi 37. Basi joto letu, ambalo tunalilipia kwa kula mara nyingi kuliko nyoka au chura, ni ngome.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani bila gharama kubwa. Vipande viwili vya mkate vilivyonyunyiziwa maji hutiwa katika chupa mbili zenye vifuniko. Chupa moja huwekwa juu ya meza, na ya pili katika chombo cha kutotolea vifaranga, ambacho joto lake ni kama nyuzi 37 na nusu. Baada ya siku nne au tano mkate wa mezani utakuwa na ukungu wa rangi mbalimbali. Ule wa kwenye joto aghalabu utakuwa na ukungu wa aina chache, au hautakuwa nao kabisa. Chupa hizo zisifunguliwe tena, kwa maana ile kuvu chache iliyostahimili joto ndiyo hasa isiyofaa kuvutwa puani.

Sehemu ya pili ya jibu ni kinga ya mwili: seli nyeupe za damu zimezazo vijidudu, na zile ziziamrishazo nyingine kushambulia. Seli za amri ziitwazo CD4 ndizo zinazoshambuliwa na Virusi Vya UKIMWI.

Kuvu iliyovaa koti

Kuvu iuayo kwa wingi kwa njia ya ubongo huitwa kitaalamu Cryptococcus neoformans. Hapa itaitwa kriptokoka. Ni kuvu ya seli moja, ya umbo la mviringo, ichipuayo kama hamira ya mkate. Ilitambuliwa mara mbili katika mwaka mmoja. Mwaka 1894, katika mji wa Greifswald nchini Ujerumani, Otto Busse na Abraham Buschke waliikuta katika kidonda cha mfupa wa mguu wa mwanamke kijana. Mwaka huo huo Francesco Sanfelice aliipata huko Italia ndani ya maji ya mapichi, mahali ambapo hapakuwa na mgonjwa yeyote. Tangu mwanzo, basi, ilijulikana kuwa kiumbe hiki kina maisha yake nje ya mwili wa binadamu, na kwamba kumwingia mtu ni ajali kwake.

Maisha hayo ya nje yalielezwa vizuri zaidi na Chester Emmons wa Marekani, aliyeikuta kriptokoka katika udongo, na mwaka 1955 akaonyesha ya kuwa imejaa katika viota na vinyesi vya njiwa. Kinyesi cha njiwa kina naitrojeni nyingi ambayo kuvu hii hujilisha. Njiwa mwenyewe haugui kwa kawaida, kwa kuwa mwili wake una nyuzi kama 41 au 42, joto ambalo kriptokoka hulishindwa. Kinyesi kikikauka huwa vumbi, na seli za kuvu zilizokauka hupungua ukubwa hata zikawa chini ya mikroni tano. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni kama sabini. Vumbi la namna hiyo hupita puani na kooni bila kuzuiliwa, likafika katika vifuko vya mwisho vya mapafu.

Yafaa kusema wazi kwamba karibu kila mtu mzima amekwisha kuivuta kuvu hii, awe anafuga njiwa au hafugi. Katika mwili wenye kinga nzuri huuawa, au hufungiwa mapafuni ikalala kimya kwa miaka. Wala ugonjwa huu hauambukizwi kwa kukohoa, kwa kula pamoja wala kwa kumwuguza mgonjwa. Familia inayomtenga mgonjwa wake kwa hofu ya kuambukizwa humwongezea mateso bure.

Kriptokoka ina silaha tatu. Ya kwanza ni uwezo wa kuota katika nyuzi 37. Ya pili ni koti nene la sukari tata liizungukalo kila seli. Koti hilo huiteleza mikono ya seli za ulinzi na kuwaficha wavamizi wasitambuliwe. Ya tatu ni rangi nyeusi iitwayo melanini, ambayo kuvu huitengeneza ndani ya ukuta wake na kuitumia kama kinga dhidi ya sumu za seli nyeupe. Malighafi yake mojawapo ni kemikali za jamii ya dopa, na ubongo ni kiungo kilicho na wingi wa kemikali za namna hiyo. Wataalamu wengi huamini kuwa hii ni sababu mojawapo ya kuvu hii kuupenda ubongo, ingawa si sababu pekee.

Jinsi ipitavyo mpaka wa damu na ubongo ni ya kustaajabisha. Mishipa midogo ya ubongo imezibwa barabara kuliko mishipa mingine yote, hata dawa nyingi hazipiti. Kriptokoka yaweza kujipenyeza yenyewe, lakini yaweza pia kumezwa na seli ya ulinzi, isife, ikabebwa ndani ya seli hiyo hiyo kuvuka mpaka, mithili ya mwizi aliyejificha katika gari la polisi. Huenda ujanja huu ulizoewa zamani huko udongoni, ambako amiba huzimeza kuvu kila siku, na kuvu ijuayo kuishi tumboni mwa amiba ndiyo ibakiayo.

Hadi miaka ya 1970 ugonjwa huu ulikuwa nadra. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, ng'ambo ya Ziwa Viktoria kutoka Mara, na katika miaka iliyofuata madaktari wa Afrika nzima walianza kuuona ugonjwa uliokuwa wa vitabuni ukijaza wodi. Makadirio ya mwaka 2009 yalikuwa ya kutisha: wagonjwa wapatao 957,900 na vifo 624,700 kwa mwaka, vingi vikiwa Afrika kusini mwa Sahara. Dawa za kufubaza virusi zilipoenea, na hesabu zilipoboreshwa, idadi ilishuka. Makadirio ya mwaka 2020 ni wagonjwa 152,000 na vifo 112,000. Hata hivyo vifo hivyo bado ni kama kimoja katika kila vitano vya wagonjwa wa UKIMWI duniani, na mwezi wa Oktoba 1922 ukiwa umepita miaka mia moja kamili, yaani Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya kuvu 19 za hatari, kriptokoka iliwekwa katika kundi la juu kabisa.

Maumivu ya kichwa yasiyokoma

Ubongo huelea katika maji maangavu ambayo hutengenezwa na kunyonywa upya kila siku. Kuvu izidipo katika maji hayo, makoti yao ya sukari huziba vijia vya kunyonyea. Maji yaendelea kutengenezwa, lakini hayana pa kutokea, na fuvu la kichwa ni mfupa usiotanuka. Msukumo hupanda. Hapo mgonjwa huumwa kichwa, si siku moja wala mbili, bali wiki baada ya wiki, hutapika, huona vitu viwiliviwili, au kuona kwa ukungu, pengine masikio huziba. Baadaye hubadilika tabia, akasahau majina ya watoto wake, akasema maneno yasiyoeleweka. Homa yaweza kuwa kidogo tu, na shingo pengine haikakamai kabisa, tofauti na homa ya uti wa mgongo iletwayo na bakteria ambayo humwangusha mtu kwa siku moja au mbili.

Ugumu wa utambuzi katika wilaya za Tarime na Serengeti ni kwamba dalili hizo zinashirikiwa na maradhi mengine mengi. Malaria ni ya kwanza kushukiwa, na mgonjwa huenda akapewa dawa yake mara mbili au tatu. Kifua kikuu cha utando wa ubongo huja polepole vivyo hivyo. Kwa waishio karibu na mbuga ya Serengeti kuna malale, iletwayo na mbung'o, ambayo nayo huishia ubongoni na kumvuruga mtu akili. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliozuru hifadhi za Serengeti na Tarangire waligunduliwa kuwa nayo. Na pale mgonjwa anapoanza kuweweseka, wako ndugu ambao hukata shauri kwamba amerogwa, wakampeleka kwa mganga. Wiki tatu zikipotea hivyo, nafasi ya kupona hupotea pamoja nazo, kwa sababu kinachotangulia kutabiri kifo ni wingi wa kuvu katika maji ya ubongo siku matibabu yaanzapo, pamoja na hali ya fahamu za mgonjwa.

Wino na kijikaratasi

Njia ya zamani ya kuitambua kriptokoka ni rahisi, na ina uzuri wake. Tone la maji ya uti wa mgongo huchanganywa na tone la wino mweusi wa China, kisha hutazamwa kwa hadubini. Chembe za wino haziwezi kulipenya koti la sukari. Kwa hiyo kila seli huonekana kama mwezi uliozungukwa na duara jeupe katika anga jeusi. Mwalimu aliye na hadubini aweza kuwaonyesha wanafunzi wake kinyume chake kwa hamira ya dukani na wino huo huo: hamira haina koti, na wino huigusa seli moja kwa moja. Upungufu wa njia hii ni kwamba kuvu zikiwa chache hazionekani.

Kipimo cha leo ni kijikaratasi kinachochovywa katika tone la damu au la maji ya uti wa mgongo, na baada ya dakika kama kumi huonyesha mstari ikiwa vipande vya koti la kriptokoka vimo. Hakihitaji umeme. Umuhimu wake mkubwa unatokana na utafiti uliofanyika Entebbe, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2002: vipande hivyo huwamo katika damu siku zipatazo 22 kabla ya kichwa kuanza kuuma. Kumbe ugonjwa wa ubongo waweza kukamatwa ungali damuni.

Kanda ya Ziwa haikubaki nyuma katika jambo hili. Mwaka 2011 watafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambayo ndiyo hospitali kuu ya rufaa kwa wagonjwa wa Mara, walichapisha matokeo ya kuwapima wagonjwa wote wazima wenye VVU waliolazwa, bila kungoja dalili. Walipatikana waliokuwa na kriptokoka ambao hakuna aliyewashuku. Kisha ukaja utafiti mkubwa zaidi wa Dar es Salaam na Lusaka, ulioongozwa kwa upande wa Tanzania na Sayoki Mfinanga wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Watu 1,999 ambao kinga yao ilikuwa imeshuka chini ya seli 200 za CD4 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Jingine lilipimwa kriptokoka, na kutembelewa nyumbani na wahudumu wa kawaida waliofunzwa katika majuma ya mwanzo ya dawa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha ya kuwa katika kundi la pili vifo vilipungua kwa asilimia 28. Hapakuwa na mashine mpya ya ajabu. Palikuwa na kijikaratasi, vidonge vya flukonazoli, na mtu aliyebisha hodi.

Sindano ya mgongoni inastahili maelezo yake, kwa kuwa inaogopwa sana. Watu wengi huamini kuwa humlemaza au kumwua mgonjwa. Uti wa fahamu huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano huingizwa chini ya hapo, mahali ambapo kuna nyuzi za neva zinazoelea majini. Imani ya kuwa huua imetokana na kwamba ndugu huikubali mgonjwa akiwa amekwisha kuzimia. Kwa kweli katika ugonjwa huu sindano si kipimo tu, bali ni tiba: hupunguza maji na kushusha msukumo, na mara nyingi kichwa hupoa papo hapo. Katika kundi la wagonjwa wa Uganda na Afrika Kusini lililoripotiwa mwaka 2014, waliotolewa maji tena baada ya sindano ya kwanza walikufa kwa uchache zaidi kuliko wale ambao hawakutolewa.

Dawa kutoka mtoni na dawa iliyokosa kazi

Dawa kuu ya kriptokoka, amfoterisini, ilipatikana katika miaka ya 1950 kutoka kwa kijidudu cha udongo wa bonde la mto Orinoco nchini Venezuela. Hutoboa ngozi ya seli ya kuvu. Bahati mbaya huumiza pia figo na kupunguza damu, na kwa muda mrefu ilibidi itolewe kwa njia ya mshipa kila siku kwa wiki mbili, jambo zito kwa hospitali ya wilaya isiyoweza kupima madini ya damu kila siku. Ya pili, flusitosini, ilitengenezwa mwaka 1957 kwa ajili ya saratani ikaonekana haifai. Baadaye ikagunduliwa kwamba kuvu ina kimeng'enyo ambacho binadamu hana. Kimeng'enyo hicho huigeuza flusitosini kuwa sumu ndani ya kuvu yenyewe. Dawa hii ya kale kwa miaka mingi haikuandikishwa katika nchi nyingi za Afrika, ambako ndiko waliko wagonjwa.

Majaribio yaliyofanyika Tanzania, Malawi, Zambia na Kamerun kwa wagonjwa 721, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha ya kuwa wiki moja tu ya amfoterisini pamoja na flusitosini ilileta vifo asilimia 24 kwa wiki kumi, hesabu ndogo kuliko za matibabu mengine yote yaliyolinganishwa. Mwaka 2022 jaribio jingine, ambalo Uganda ilishiriki, lilionyesha ya kuwa dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyofungwa katika chembe za mafuta, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa wiki mbili, haikuwa duni kuliko njia hiyo, tena ilikuwa na madhara machache. Mwezi wa Aprili mwaka huo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza.

Jamaa zake wa nadra

Kriptokoka ina ndugu aitwaye Cryptococcus gattii, aliyeelezwa mwaka 1970 kutoka katika maji ya uti wa mgongo wa mtoto wa Kongo. Huyu huweza kumwugua hata mtu mwenye kinga kamili. Mwaka 1990 David Ellis na Tania Pfeiffer wa Australia walimkuta kwenye mikaratusi, na tangu hapo amepatikana katika miti ya aina nyingi. Hakuna haja ya kuikata mikaratusi ya Tarime kwa ajili hiyo. Wanaougua ni wachache mno. Kwa wapenzi wa wanyama yapasa kuongeza kuwa duma pia huugua kriptokoka: huko Afrika Kusini imekutwa katika mapafu na uti wa mgongo wao.

Kuvu nyingine huingia ubongoni kwa milango tofauti. Zile za jamii ya ukungu wa mkate huanzia puani kwa mgonjwa wa kisukari kisichotibiwa, zikala mifupa ya uso kuelekea juu. India ilishuhudia maelfu ya wagonjwa hao mwaka 2021, wakati wa UVIKO-19. Huko Marekani mwaka 2012 watu zaidi ya 700 waliugua na zaidi ya 60 wakafa baada ya kuchomwa mgongoni dawa ya maumivu iliyochafuliwa na kuvu ya majani, Exserohilum rostratum. Hapo kuvu haikuhitaji ujanja wowote. Binadamu aliivusha mpaka kwa sindano.

Kusubiri kwa makusudi

Limebaki jambo moja liwakasirishalo ndugu wa wagonjwa. Mgonjwa wa kriptokoka aliyekuwa hajaanza dawa za kufubaza virusi hupewa dawa za kuvu, lakini huambiwa angoje wiki nne hadi sita kabla ya kuanza zile za VVU. Wengi hudhani ni uzembe, au kwamba dawa zimekwisha. Sababu yake ilithibitishwa katika jaribio la Uganda na Afrika Kusini lililochapishwa mwaka 2014. Walioanza dawa za VVU katika wiki moja au mbili walikufa asilimia 45 kwa miezi sita. Waliongoja wiki kama tano walikufa asilimia 30. Kinga ikiamka ghafula wakati kuvu zingali nyingi, huzishambulia kwa nguvu kubwa ndani ya fuvu lisilotanuka, na uvimbe wa vita hivyo huua. Baada ya muda huo dawa za VVU huanzwa, na flukonazoli huendelea kumezwa kila siku kwa mwaka mmoja au zaidi, hadi seli za CD4 zitakapopanda na virusi kufubazwa, kwa kuwa seli chache za kuvu huweza kubaki hai hata baada ya kichwa kuacha kuuma.